Dawa Isiyoonyesha Ndani: Jinsi Mwanga Unavyosaidia Kutambua Dawa Bandia



Safari hii tunapenda kuzungumza juu ya jambo linalomgusa kila anayekwenda zahanati au duka la dawa: je, kidonge tunachopewa ni dawa kweli? Tukishika embe, tunaweza kulinusa na kulibonyeza tujue kama limeiva. Tukinunua maharagwe, tunayachambua na kuyatoa yenye wadudu. Lakini kidonge cheupe hatuwezi kukichambua. Kapsuli yenye rangi nyekundu na njano haituonyeshi unga uliomo ndani. Chupa nyeupe ya plastiki nayo haionyeshi kitu. Mgonjwa humeza kwa imani.

Imani hiyo ndiyo inayotumiwa vibaya na watengenezaji wa dawa bandia. Katika somo hili tutaeleza njia moja ambayo wataalamu wanaitumia kuchungulia ndani ya kidonge bila kukivunja, na ndani ya chupa bila kuifungua. Njia hiyo hutumia mwanga, na inaitwa kipimo cha Raman. Tutaeleza pia mahali inaposhindwa, na wajibu unaobaki mikononi mwetu.

TATIZO LENYEWE

Kwanza tutofautishe mambo mawili. Dawa duni ni ile iliyotengenezwa na kiwanda kinachotambuliwa, lakini haikufikia kiwango kinachotakiwa. Pengine dawa iliyomo ni pungufu, au iliharibika kwa joto njiani. Dawa bandia ni ile iliyotengenezwa kwa nia ya kudanganya: jina ni la uongo, kiwanda ni cha uongo, au kilichomo ndani sicho kilichoandikwa nje. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilitoa makadirio kwamba katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati, bidhaa 1 kati ya 10 za tiba ni duni au bandia.

Hapa kwetu Tanzania, mwaka 2009, vidonge bandia vya Metakelfin, dawa iliyokuwa ikitumiwa kwa malaria, viligunduliwa katika maduka ya dawa 40. Vilikuwa na kiasi pungufu cha dawa inayotakiwa. Kwa macho, mnunuzi wa kawaida asingeweza kujua.

Mfano mwingine unatoka Asia ya Kusini-Mashariki. Miaka ya mwanzo ya 2000, nchi kama Kambodia, Laos, Myanmar na Vietnam zilivamiwa na vidonge bandia vya artesunate, dawa ya malaria. Wahalifu walifikia hatua ya kuiga hata kibandiko kinachometameta ambacho kiwanda halisi kilikibandika kwenye pakiti kama ulinzi. Wataalamu wa afya, wanasayansi na polisi wa kimataifa walishirikiana kuchunguza sampuli 391, na karibu nusu yake zikaonekana kuwa bandia. Ndani ya baadhi ya vidonge hivyo mlikuwa na wanga, chaki, au paracetamol.

Tafadhali tafakarini hilo la paracetamol. Paracetamol hushusha homa. Mtoto mwenye malaria akipewa kidonge hicho, mwili unapoa, mama anafurahi, anasema dawa imefanya kazi. Kumbe vijidudu vya malaria vinaendelea kuzaana katika damu. Homa inaporudi, mtoto amekwisha kupungukiwa damu, na pengine malaria imepanda kichwani. Vidonge vingine bandia vilitiwa dawa halisi kidogo tu. Hiyo nayo ni hatari kwa jamii nzima, kwa sababu dawa kidogo haiui vijidudu vyote, na vile vinavyobaki huweza kuzoea dawa.

MTU ALIYEULIZA KWA NINI BAHARI NI YA BULUU

Kipimo tunachokieleza kimepewa jina la mwanasayansi wa India, Chandrasekhara Venkata Raman, aliyezaliwa mwaka 1888. Mwaka 1921 alisafiri kwa meli akapita Bahari ya Mediteranea. Akitazama maji yale, alijiuliza kwa nini yana rangi ya buluu iliyokolea namna ile. Aliporudi Calcutta alianza kuchunguza jinsi mwanga unavyotawanyika ndani ya vimiminika. Tarehe 28 Februari 1928, akifanya kazi pamoja na mwanafunzi wake K. S. Krishnan, alithibitisha jambo jipya. Mwaka 1930 alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia.

Aligundua nini? Ukimulika kitu kwa mwanga wa rangi moja, karibu mwanga wote unaotawanyika hurudi ukiwa na rangi ile ile. Lakini sehemu ndogo mno, kama chembe 1 ya mwanga kati ya 10,000,000 au pungufu yake, hurudi ikiwa imebadilika rangi kidogo. Hubadilika kwa sababu molekuli za kitu hicho hazikai kimya. Zinatikisika daima, kama nyuzi za zeze. Chembe ya mwanga inapokutana na molekuli, huweza kuiachia sehemu ya nguvu yake, na kiasi inachoacha hulingana na mtikisiko wa molekuli ile.

Kila aina ya molekuli ina mitikisiko yake. Kwa hiyo mwanga unaorudi ukipangwa kufuata rangi zake, hutoa mistari ambayo ni kama alama za vidole. Chaki hutoa mstari mmoja mkali unaojulikana. Wanga hutoa mistari mingine. Paracetamol ina mistari yake, na artesunate ina yake. Mtaalamu, au kompyuta ndogo iliyomo katika chombo, hulinganisha mistari hiyo na ile ya dawa halisi iliyohifadhiwa. Zikilingana, vizuri. Zisipolingana, hapo pana swali.

Raman alianza kwa kutumia mwanga wa jua. Siku hizi hutumiwa leza, yaani mwanga mkali wa rangi moja uliogunduliwa namna ya kutengenezwa mwaka 1960. Vipo vyombo vya Raman vinavyoshikwa mkononi. Nchini Nigeria, mamlaka ya kudhibiti dawa ilianza kuvitumia mwaka 2010 ili wakaguzi wapime dawa huko huko sokoni na bandarini.

KIZUIZI: GANDA NA RANGI

Hata hivyo, njia ya kawaida ya Raman ina udhaifu. Huangalia zaidi sehemu ya juu ya kitu. Mwanga unapiga mahali pamoja, na chombo kinapokea kinachorudi kutoka mahali hapo hapo. Kidonge kikiwa kimepakwa ganda la sukari au rangi, chombo huona ganda. Dawa ikiwa ndani ya kapsuli, huona kapsuli. Ikiwa ndani ya chupa nyeupe, huona plastiki.

Rangi nayo huleta shida nyingine. Rangi nyingi za kapsuli zikimulikwa kwa leza hung'aa zenyewe, na mng'ao huo ni mkubwa kuliko ishara hafifu ya dawa. Ni kama kujaribu kusikiliza mtu anayenong'ona kando ya mashine ya kusaga mahindi. Anasema, lakini husikii.

Hapo zamani mtaalamu alilazimika kukivunja kidonge, kumwaga unga wa kapsuli, au kufungua chupa. Sampuli iliyovunjwa haiwezi kurudishwa kwa mgonjwa, na chupa iliyofunguliwa haiwezi kuuzwa tena.

CHEUPE SI SAWA NA CHEUSI

Ili kuelewa jinsi kizuizi hicho kilivyoshindwa, lazima tujue kwamba vitu visivyoonyesha ndani ni vya namna mbili. Tazama kipande cha mkaa na kikombe cha maziwa. Vyote viwili huwezi kuona kilicho nyuma yake. Lakini mkaa humeza mwanga, ukiingia, hautoki. Maziwa hayaumezi mwanga, bali huutawanya. Mwanga unaingia, unagonga vitone vidogo vya mafuta, unageuka huku na huku mara nyingi, mwishoni unatoka mahali pengine. Ndiyo maana maziwa ni meupe.

Fanyeni jaribio dogo nyumbani usiku. Zimeni taa, washeni tochi, kisha muifunike kwa vidole vya mkono. Vidole vitawaka rangi nyekundu. Hamwoni mifupa, wala hamwoni balbu, lakini mwanga umepita katikati ya nyama na kutoka upande wa pili. (Watoto wasitumie leza kwa mchezo huu, maana leza huweza kuharibu macho.)

Vidonge vingi, kapsuli nyingi na chupa nyeupe za plastiki zinafanana na maziwa, si na mkaa. Mwanga unapita ndani yake, ila njia yake imevurugika. Kumbe basi taarifa za ndani zinatoka nje. Kazi ni kujua mahali pa kuzipokelea.

NJIA MBILI ZA KUCHUNGULIA NDANI

Mwaka 2005 Pavel Matousek na wenzake, katika maabara ya Rutherford Appleton nchini Uingereza, walitangaza njia ya kwanza. Badala ya kupokea mwanga pale pale unapopiga, waliupokea milimita chache pembeni. Mwanga unaotokea pembeni umesafiri zaidi chini ya ganda kabla ya kutoka, kwa hiyo umebeba habari nyingi zaidi za ndani. Chombo hupima mara mbili: mara ya kwanza pale pale, ambapo ganda ndilo linalosema zaidi, mara ya pili pembeni, ambapo kilichomo ndani kinasikika zaidi. Kisha kompyuta huondoa sehemu ya ganda, na kubaki na alama ya dawa.

Wanakwaya wataelewa kwa haraka. Ukisimama karibu na ngoma wakati kwaya inaimba, utasikia ngoma kuliko sauti. Ukisogea kando, ngoma inapungua na sauti zinajitokeza. Wimbo ni ule ule, bali mahali uliposimama ndipo pamebadilika.

Njia ya pili ilifuata mwaka 2006, na ni rahisi zaidi kueleza. Leza humulika kidonge upande mmoja, na chombo hupokea mwanga upande wa pili, kama tochi na vidole vyetu. Mwanga ukiwa umepita kidonge kizima, habari zinazopatikana ni za kidonge kizima, wala si za doa moja juu yake. Ganda na rangi ni tabaka jembamba tu katika safari hiyo ndefu, kwa hiyo kelele zake hupungua sana. Njia hii huwasaidia wenye viwanda kupima si aina ya dawa tu, bali pia kiasi chake, kwa muda mfupi, na kidonge kikabaki kizima.

Elimu hiyo haikuishia kwenye dawa. Mwaka 2006 polisi wa Uingereza waligundua njama ya kulipua ndege kwa vilipuzi vya maji, na abiria wakazuiwa kuingia na chupa kubwa za vimiminika. Kuanzia mwaka 2014, viwanja kadhaa vya ndege vya Ulaya vilianza kutumia mashine za njia ile ya kwanza kukagua chupa bila kuzifungua, zikiwamo chupa za dawa za wasafiri.

MAHALI KIPIMO KINAPOSHINDWA

Ndugu wasomaji, si vema kusifu chombo bila kutaja mipaka yake. Kwanza, mwanga haupiti kwenye chuma. Vidonge vilivyofungwa kwa karatasi ya alumini pande zote mbili havipimiki bila kufunguliwa. Vilivyo na plastiki upande mmoja vinaweza kupimwa kupitia upande huo. Vifungashio vyeusi navyo ni kama mkaa wetu.

Pili, dawa ikiwa kidogo mno ndani ya kidonge, sauti yake humezwa na wanga na vitu vingine vilivyochanganywa nayo. Kwa mfano, kidonge cha dexamethasone chaweza kuwa na nusu miligramu tu ya dawa. Kupima kidonge kama hicho kwa mwanga ni kazi ngumu.

Tatu, chombo hulinganisha. Kama hakina kumbukumbu ya dawa halisi ya kulinganisha nayo, hakiwezi kutoa hukumu ya kuaminika.

Nne, kuwa na dawa sahihi ndani hakutoshi. Kidonge huweza kuwa na dawa yote inayotakiwa, lakini kisiyeyuke tumboni. Mwanga hauwezi kutuambia hilo; lazima kiyeyushwe maabara. Vivyo hivyo uchafu kidogo wenye sumu huweza kujificha. Mwaka 2022 nchini Gambia, vifo vya watoto wasiopungua 66 vilihusishwa na dawa za maji za kikohozi zilizokuwa na sumu iitwayo diethilini glaikoli na nyingine ya jamii yake. Uchafu wa namna hiyo unahitaji vipimo vya maabara kamili, si chombo cha mkononi peke yake.

Tano, bei. Chombo kimoja cha mkononi huweza kugharimu makumi ya maelfu ya dola za Kimarekani. Tusitegemee kukiona katika zahanati ya parokia.

NI NANI BASI ANAYETUPIMIA?

Zipo hatua nyingine za upimaji. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakaguzi wa dawa wa Tanzania wametumia maabara ndogo za kubebeka kwenye masanduku, zilizobuniwa Ujerumani, ili kuchuja dawa zenye mashaka mipakani na mikoani. Sampuli zenye shaka hupelekwa kwenye maabara kuu. Maabara ya iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa, ambayo tangu mwaka 2019 ni Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), ilitambuliwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2011.

Makanisa nayo hayakukaa kando. Jijini Nairobi lipo shirika la MEDS, lililoanzishwa mwaka 1986 na Baraza la Maaskofu Katoliki wa Kenya kwa kushirikiana na umoja wa hospitali za Kikristo wa nchi hiyo. Shirika hilo hununua dawa kwa ajili ya hospitali na zahanati za makanisa, na lina maabara yake ya kupima ubora, iliyotambuliwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2009. Hapo tunajifunza kwamba zahanati ndogo haihitaji kumiliki mashine. Inahitaji kununua kwa yule anayepima, na kukataa mzigo wa bei poa usio na stakabadhi.

WAJIBU WETU

Baadhi ya watu hutupia kidonge majini waone kama kinazama, au hukiuma waone kama ni kichungu. Kama tulivyoona, hata mashine ya leza huhitaji msaada wa maabara. Ulimi na kikombe cha maji haviwezi kuthibitisha kitu. Yafuatayo ndiyo yanayofaa:

1. Nunueni dawa katika duka lililosajiliwa, famasi au duka la dawa muhimu, lenye kibali kilichobandikwa ukutani. Msinunue kwenye basi, mnadani, wala kwa mtu anayepita na begi.

2. Someni pakiti: jina la dawa, kiwanda, namba ya toleo, tarehe ya kutengenezwa na tarehe ya mwisho wa matumizi. Maandishi yenye makosa, tarehe iliyofutwa, au pakiti iliyowahi kufunguliwa ni sababu ya kuuliza.

3. Dai stakabadhi, na utunze pakiti mpaka umalize dozi. Vidonge vilivyotiwa kwenye kipande cha gazeti havina jina wala namba, na mkaguzi hataweza kufuatilia vilikotoka.

4. Ukiwa umetumia dawa kama ulivyoelekezwa na hupati nafuu, au homa imeshuka ikarudi, usiongeze dozi kwa akili yako. Nenda zahanati haraka ukiwa na pakiti na vidonge vilivyobaki.

5. Ukishuku dawa, usiichome wala kuitupa chooni. Huo ni ushahidi. Ipeleke kwa mfamasia, kwa mganga mkuu wa wilaya au ofisi ya TMDA. Lakini usiache dawa za kifua kikuu, kifafa, kisukari au UKIMWI kwa sababu ya shaka tu. Muone kwanza mhudumu wako akupatie nyingine.

6. Tunzeni dawa mahali pakavu na penye baridi, mbali na jiko na dirisha lenye jua. Dawa nzuri huweza kuharibikia nyumbani.

Kwa wale wanaouza, tunasema kwa upendo lakini bila kuficha: kuuza dawa unayojua ni bandia ni kuvunja amri ya tano na ya saba kwa mkono mmoja. Ni kuiba fedha ya maskini, na ni kuua. Nabii Amosi aliwakemea wafanyabiashara waliopunguza kipimo cha ngano. Anayepunguza kipimo cha dawa ya mtoto mgonjwa amefanya kubwa kuliko hilo.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA NDOGO NDOGO

1. Katika kijiji au mtaa wetu, watu wananunua dawa wapi, na kwa nini wanapendelea huko?

2. Kwa nini kidonge bandia chenye paracetamol ni hatari zaidi kwa mgonjwa wa malaria kuliko kile kisicholeta mabadiliko yoyote?

3. Halmashauri ya parokia inaweza kufanya nini ili zahanati yetu inunue dawa zilizopimwa, hata kama bei yake imezidi kidogo?